Soksi Zilizomo Ndani ya Ngoma Namba Nne

Wadogo zangu wa kikosi, kaeni vizuri, mstaafu anaongea. Nina miaka ishirini na mbili. Goti la kulia linalia nikipanda ngazi, mgongo unadai maji ya moto kila asubuhi, na nikiwaona nyinyi wa miaka kumi na saba mnakimbia pale paking nasikia mdomo wangu unasema, "Enzi zetu." Huko kwenye ghala ninakofanya kazi hapa Fort Worth kuna mzee wa Kikenya, miaka sitini na kitu, bado anasukuma troli. Nilipomwambia mimi nimestaafu aliniangalia weee, halafu akasema, "Kijana, nipishe."

Lakini ni kweli. Kwenye kikosi cha ngoma cha mashindano, mwaka unaotimiza ishirini na mbili ndio wa mwisho. Sheria haiulizi kama unapiga vizuri au unapiga kama mtu anayefukuza panya. Unapiga onyesho la mwisho, unalia, unavua ile fremu ya mabegani inayobeba ngoma, basi, umekuwa historia. Sasa Kocha Curtis, anayefundisha ngoma kubwa, ameniambia hiyo historia niiandike mwenyewe, kabla hamjaigeuza kuwa dini tena. Naandika Kiswahili kwa sababu nusu yenu ndicho mnachogombezwa nacho nyumbani, na kwa sababu Kiingereza changu ni cha ghala: beba, weka, chunga kichwa. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwenye kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Wale wa "I understand it but I can't read it," mpeni mama awasomee. Atacheka kuliko nyinyi.

Kwa aliyejiunga wiki hii na anadhani amekuja kujifunza muziki: pole. Umekuja kusimama juani. Kikosi chetu kilianzia kwenye paking iliyo nyuma ya duka la matairi, na mpaka leo tupo hapohapo, hatujasogea hata hatua kumi. Kila Jumamosi asubuhi tunasimama, tunapiga kitu kilekile mara mia, halafu Kocha anasema, "Sasa tunaanza." Mwisho wa kiangazi tunapanda basi kwenda Houston, tunavaa suruali nzito za sufu katika joto la kuivisha ndizi, na majaji wanaandika kila kosa. Mama yangu alipoelewa mpango huo alikaa chini.

"Ngoja. Unabeba weye, unachomwa jua weye, na pesa unalipa weye?"

"Ndiyo, mama."

"Na ile ngoma unaipiga mara ngapi?"

"Mara moja. Halafu nangoja."

"Unangoja nini?"

"Zamu yangu irudi."

Akamwita jirani aje asikie.

Mama alikuwa na haki ya kushangaa, kwa sababu mimi nilikuwa mpiga ngoma tayari. Kanisani kwetu, kuanzia kambini mpaka kwenye ule ukumbi tunaokodi hapa, nilikuwa napiga ngoma tatu peke yangu na bado mkono mmoja unabaki wa kufuta jasho. Nilikuja kikosini nikiwa na miaka ishirini, kifua mbele, nikijua watashukuru. Kocha Curtis akanivalisha ngoma namba nne. Ngoma kubwa ziko tano. Namba moja ndogo kuliko zote, namba tano ni tangi la maji. Unaivaa kifuani, ngozi moja kushoto, nyingine kulia, unatembea ubavuubavu kama kaa, mbele yako huoni kitu. Na ule mdundo mmoja mnaousikia ukikimbia haraka kutoka juu kwenda chini si wa mtu mmoja. Ni watu watano, kila mmoja ana kipande chake kimoja.

Hilo sikulielewa hata kidogo. Aliyenielewesha ni Njeri, mpiga namba tatu, mtoto wa nesi kutoka Arlington, mwaka mmoja mdogo kwangu na mdomo mkubwa mara kumi.

"Skiza," akaniambia. "Sema mama kapika."

"Mama kapika."

"Iko na vipande vingapi? Ma, ma, ka, pi, ka. Tano. Namba moja ni ma. Namba mbili ni ma. Mimi ni ka. Wewe ni pi. Namba tano ni ka. Ukisema kitu ingine yoyote mbali na pi, nakuchapa na hii kirungu."

Kwa miaka miwili, wadogo zangu, kazi yangu hapa duniani ilikuwa pi. Watu wa rika langu walikuwa wanasomea unesi, wengine wananunua magari. Mimi nilikuwa pi. Na nawaambia, pi ni ngumu. Ukiwahi kidogo unamkanyaga Njeri. Ukichelewa unamkanyaga namba tano, naye alikuwa jitu la Lewisville linalokula burrito nne kama kifungua kinywa. Siri ya pi si mkono. Siri ni kuwasikiliza wale watatu wa mbele yako mpaka pi inatoka yenyewe kama chafya.

Wale Wamarekani wawili na yule Mmeksiko waliopiga moja, mbili na tano walijifunza "mama kapika" bila kuuliza maana. Wakaanza kuipiga kelele kabla ya kuingia uwanjani, vichwa vimeinama, mikono mabegani. Watu wa vikosi vingine walikuwa wananyamaza kwa heshima. Walidhani ni sala ya vita ya mababu. Nilikuwa nataka kuwaambia, lakini kila mara mtu analia machozi, unaanzaje.

Kosa langu la kwanza kubwa ni kujaza kimya. Kanisani mhubiri akivuta pumzi, mpiga ngoma anamjazia. Mhubiri akivuta pumzi mbili hakuna ngoma, anajua hapendwi. Sasa siku ya kwanza ya mazoezi, katikati ya wimbo, kikosi kizima kikanyamaza. Hesabu nne, hakuna sauti. Nikaona aibu kwa niaba yao. Nikajaza. Nikajaza vizuri sana, na vibwagizo.

Kocha akasimamisha watu wote. "Will. Hiyo ilikuwa nini?"

"Niliona kumenyamaza, Kocha."

"Kimya ndiyo kazi yenyewe. Majaji wanakitolea alama."

Push-up hamsini. Nikiwa chini pale kwenye lami nikawa nafikiria: hii nchi watu wanashindana mpaka kunyamaza, na bado sisi tungeweza kushindwa.

Mmesikia alivyoniita. Will. Siku ya kwanza Kocha alishika fomu yangu, akafungua mdomo kwenye Wilo, akaona mbele kuna ndja, akafunga mdomo. Will. Ghalani beji inasema Will. Sikumlaumu mtu. Kadi ya kambini iliandika Wilonja, karatasi ya safari ikaandika Wirondja, na kitambulisho cha Texas kiliweka jina la babu mbele, kwa hiyo polisi akinisimamisha anamsalimia marehemu. Nilishazoea. Nilidhani nimeshazoea.

Halafu ikafika siku ya kubadilisha ngozi. Kocha akafungua ngoma namba nne kwa ule ufunguo mdogo, skrubu moja baada ya nyingine, akanyanyua ngozi. Ndani, kwenye mbao, kulikuwa na majina. Wote waliowahi kuibeba ile ngoma mpaka wakastaafu. Mmoja kachora farasi. Mmoja kaandika kwa herufi za kike zenye mikia. Chini ya jina la mwisho palikuwa na nafasi, upana wa kiganja. Nikapaangalia pale kama mtu anayeangalia kiwanja. Nikasema moyoni, hapo. Wilondja, herufi nane, hakuna karani, hakuna kompyuta ya kusema nafasi haitoshi. Naandika mwenyewe.

Masharti yalikuwa mawili. Unaandika baada ya onyesho lako la mwisho Houston, mbele ya wenzako wote. Na aliyeharibu ngoma msimu huo haandiki. Kuna mmoja zamani alirudi nyuma na gari akaikanyaga namba mbili. Jina lake halimo mpaka leo. Hata hatujui aliitwa nani, tunamwita Yule wa Gari. Kwa hiyo msimu wangu wa mwisho niliibeba ile ngoma kama yai. Njeri alikuwa ananicheka, "Hiyo ngoma ukiioa utualike."

Sasa tufike Houston.

Tulishuka basi saa saba mchana. Hewa ya Houston si hewa, ni supu. Kila kitu kinalowa, hata mawazo. Nikaipiga ngoma kidogo kwa kujipasha moto, nikasikia sauti nzito, imelala. Na mimi ni mpiga ngoma tangu utoto, najua dawa ya sauti iliyolala. Kambini, asubuhi ya ibada, ngozi ikinyonya unyevu tulikuwa tunawasha nyasi kidogo, tunaizungusha ngoma juu ya joto, ngozi inakaza, inaanza kuimba. Moto hauruhusiwi kwenye paking ya uwanja. Lakini lami ya Texas saa saba mchana ni moto tosha. Nikaitoa ngoma namba nne kivulini, nikailaza juu ya lami nyeusi. Upande mmoja dakika ishirini. Nikaigeuza kama chapati. Upande wa pili dakika ishirini. Nilikuwa najisikia mtaalamu, hata nilikuwa napiga mluzi.

Njeri akapita na chupa ya maji. Akasimama.

"Unafanya nini?"

"Naikausha ngozi."

"Ngozi gani?"

"Hii ngozi ya ngoma."

"Wilondja." Yeye peke yake alikuwa anaita jina lote, na alikuwa analitumia kunitukania. "Hiyo ni plastiki."

Nikaangalia. Miaka miwili naigusa kila Jumamosi, sote tunaiita ngozi, na akili yangu haijawahi kuuliza ni ngozi ya nani. Nikaigusa. Plastiki ya moto. Nikaiinua, nikaipiga pi moja taratibu. Ikasema booooong, kama sufuria ya harusi, na ndani kitu kikafanya chwaa chwaa.

Hapa lazima mwelewe kitu kimoja cha kazi. Ngoma hizi zina mkanda wa sponji uliobandikwa kwa ndani, kuzunguka ukingo wa kila ngozi, ili sauti iwe fupi na kavu. Umebandikwa kwa gundi. Gundi na lami ya Houston havipatani. Tulipofungua, maana Njeri alichukua ufunguo wa skrubu mkononi mwangu bila kuniuliza, sponji lote lilikuwa limedondoka, limejikunja, limejaa gundi kama bazoka iliyotafunwa. Hakuna kubandika tena. Kocha alikuwa kwenye kikao cha makocha. Tulikuwa na nusu saa kabla ya ukaguzi.

Nikaiona ile nafasi ya kiganja pale kwenye mbao. Ilikuwa inaniangalia. Nikajua nimekuwa Yule wa Lami.

"Vua," Njeri akasema.

"Nivue nini?"

"Soksi. Ziko mbili, ngozi ziko mbili. Tunazibandika na tepu nyeusi."

"Kwa nini zisiwe zako?"

"Ni mimi nilichoma ngoma?"

Nikavua. Zilikuwa soksi ndefu nyeusi za yunifomu, zimesafiri miguuni mwangu tangu Fort Worth, saa tano za basi. Zilikuwa zimekomaa. Njeri alizipokea kwa vidole viwili, akageuza uso kama anayebadilisha nepi, akazibandika moja kila upande. Tukafunga, tukakaza skrubu, nikapiga. Pi. Fupi, kavu, imeshiba. Njeri akanyanyua nyusi. "Kumbe miguu yako iko na kazi."

Shida ikabaki ukaguzi. Mnaujua ukaguzi wa soksi. Kocha anapita kwenye mstari, kila mtu ananyanyua suruali, soksi lazima ziwe nyeusi na zifike kwenye ugoko, kwa sababu eti jaji aliye juu jukwaani, ng'ambo ya uwanja mzima, anaona kifundo chako cha mguu. Nikachukua ile tepu nyeusi, nikazungusha mguuni, kuanzia kwenye kiatu mpaka ugokoni. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto. Kocha akafika kwangu. Nikanyanyua. Akaangalia. Akaangalia tena.

"Zinang'aa," akasema.

"Mpya, Kocha."

Akapita. Mpaka hapo mimi nilimshukuru Mungu.

Onyesho lenyewe sitawasimulia sana, wastaafu wote husema walipiga vizuri. Nitawaambia tu kwamba tuliinama, tukapiga kelele "mama kapika," na kule jukwaani, alikokaa mama yangu na akina mama wa kanisa waliokuja na gari mbili, mama akasimama, akanyanyua bakuli la wali juu ya kichwa, akajibu, "Nimepika. Iko hapa." Watu wakampigia makofi. Halafu tukaingia, na ule mdundo wa watu watano ulikimbia kutoka juu mpaka chini kama mtu mmoja ameusema. Pi yangu ilikaa mahali pake kila mara. Zile hesabu nne za kimya nilizikaa kimya. Tukawa wa nne. Vikosi vilikuwa vitano.

Baada ya hapo tukakaa kwenye nyasi nje ya uwanja, jua likiwa bado juu, watu wanalia. Wastaafu wa msimu tulikuwa wawili, mimi na namba tano. Namba tano akafungua ngoma yake, akaandika, akabusu mbao. Kocha akaja kwangu na kalamu nyeusi na ufunguo.

"Will. Zamu yako. Fungua."

Hapo ndipo nilipoelewa. Ili niandike jina, lazima nifungue ngoma. Nikifungua ngoma, wanaona soksi. Wakiona soksi, siandiki jina. Nimeshika kalamu, nimeshika ufunguo, watu thelathini wananiangalia kwa upendo. Njeri anaangalia mawinguni.

Nikafanya kitu ambacho mwoga mwenye akili hufanya. Nikatoa hotuba. Nikasema mimi sistahili. Nikasema jina ni kitu kidogo, ngoma ni kubwa. Nikasema nafasi ile niwaachie wadogo zangu watakaokuja, wao ndio wenye kesho. Sauti ikatetemeka, na ilitetemeka kweli, kwa sababu nilikuwa nataka ile nafasi kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka nchi hii. Mmoja akaanza kulia, wote wakafuata. Kocha akanikumbatia kwa muda mrefu, akarudisha kalamu mfukoni.

Ndani ya basi Njeri akaja kukaa karibu yangu.

"Ulijiona ukihubiri? Hata mimi karibu nitoe sadaka."

"Niache."

"Fala wewe. Sasa ngoma iko na soksi na haina jina."

Usiku huo nilibandua ile tepu bafuni. Ilitoka na nywele zote za miguu. Mama akagonga mlango kuuliza kama nimeokoka upya.

Hayo yalikuwa mwaka jana. Sasa sehemu yenu.

Msimu huu ngoma namba nne alipewa Elie, mnamjua, ana miaka kumi na sita, mama yake anaimba na mama yangu. Siku ya kubadilisha ngozi alifungua ngoma, akakuta soksi mbili zimebandikwa humo kwa utaratibu, mbele ya kundi zima. Njeri alikuwa ameshakuwa nahodha wa ngoma kubwa. Alitaka kunificha, Mungu ambariki, akasema kitu kimoja tu: "Msiguse. Ni za aliyetangulia."

Alichosema ni hicho tu. Mengine mliyaongeza nyinyi.

Mimi nilikuwa ghalani, najiuguza goti, sina habari. Mwezi uliopita napigiwa simu na Kocha, njoo Jumamosi, watoto wanataka kusikia kwako Historia ya Soksi. Nikasema historia ya nini? Akasema njoo tu. Nikafika paking. Nikakuta mmegeukia duka la matairi, mmesimama kimya dakika moja, kama kila Jumamosi, kuwaheshimu waanzilishi. Sawa. Halafu mkageuka, nikaona miguu. Ngoma kubwa wote watano mmejifunga tepu nyeusi kwenye vifundo. Mmoja wenu, mwenye miwani, akanieleza mimi, mwenye soksi, maana ya soksi. Eti namba nne wa zamani alikataa kuandika jina lake. Badala yake akatoa soksi, ili apige onyesho la mwisho miguu mitupu ndani ya viatu, kama mababu zake walivyotembea kutoka Kongo. Eti soksi ya kushoto ni tulikotoka, ya kulia ni tunakokwenda. Eti ndiyo maana namba nne havai soksi msimu mzima.

Nilitaka kucheka. Kweli nilikuwa nimeshafungua mdomo. Halafu nikamwona Elie anatembea. Anatembea kama mtu aliyekanyaga mbigili.

"Elie, vua kiatu."

"I'm good."

"Vua, mdogo wangu."

Akavua. Kisigino kizima malengelenge, mengine yamepasuka, tepu imeshikana na nyama. Wiki sita anafanya mazoezi hivyo, juani, juu ya lami. Nikamuuliza kwa nini hajasema.

"Wewe ulivumilia," akasema. "Na hukuandika hata jina."

Mimi ni mtu wa utani, mnajua, lakini hapo utani uliniishia. Nikamwangalia Njeri. Njeri akaniambia kwa sauti ndogo, "Sema, ama niseme."

Nikasema. Nikasimama pale katikati, nikasema yote, mnakumbuka. Lami, chapati, plastiki, sponji, soksi zilizokomaa, tepu, hotuba. Hakuna aliyecheka. Hilo lilikuwa baya zaidi. Yule mwenye miwani aliuliza, "So the left sock is not where we came from?" Nikamwambia, mdogo wangu, ya kushoto ilikuwa na tundu, ndicho kitu pekee ninachokumbuka. Nikamgeukia Kocha, nikamwambia najua sheria, niliharibu ngoma, sidai kitu, ila huyu mtoto avae soksi.

Kocha Curtis akajikuna ndevu. Naitafsiri kama alivyosema.

"Will, hiyo ngoma naiweka sawa sauti yake tangu kabla hujafika nchi hii. Nilisikia soksi kutoka katikati ya uwanja. Nilidhani ni fulana. Na miguu yako ilikuwa imeandikwa jina la kampuni ya tepu."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Nilikuletea ufunguo na kalamu. Nilikuwa nangoja ufungue."

Mwaka mzima, jamani. Mtu alikuwa ananingoja nifungue ngoma, mimi natoa hotuba. Kisha akavuta pumzi, akasema kama leo ni siku ya ukweli, basi na yeye ana lake. Siku ya kwanza ya kikosi hiki alisahau ufunguo wa trela ya ngoma. Akaamua kuingilia dirishani. Suruali ikapasuka nyuma, yote, mbele ya watoto ishirini na wazazi wao. Akapiga kelele, "Geukeni mtazame duka la matairi, kimya, dakika moja." Wakageuka. Jumamosi iliyofuata wakageuka wenyewe, na yeye hakuwa na moyo wa kuwaambia. Miaka yote hiyo, wadogo zangu, tumekuwa tukiiheshimu suruali.

Halafu Elie, kiatu mkononi, akauliza taratibu, "Na mama kapika?"

Njeri akamshika bega. "Elie, wewe si unaongea Kiswahili nyumbani? Mama kapika ni mama kapika."

"I thought it was deeper."

Hapo ndipo mliposhindwa kujizuia. Mlicheka mpaka mtu wa duka la matairi akatoka nje.

Mkapiga kura, nawapongeza. Kugeukia matairi kunabaki. Mama kapika inabaki. Tepu ya miguuni imefutwa. Soksi ndani ya ngoma zinabaki, kwa sababu Kocha alijaribu sponji jipya na kila mtu alisikia kwamba soksi ni bora, ila zifuliwe kila msimu, na namba nne ana haki ya kuvaa nyingine mguuni.

Kisha Kocha akasema ngoma inayolia vizuri zaidi haijaharibiwa, akanipa ufunguo na kalamu. Nikafungua mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine, na harufu ikatoka, wa mbele mkarudi nyuma. Ile nafasi ya kiganja ilikuwa bado ipo. Nikaandika taratibu, WILONDJA, herufi zote nane, na chini yake kwa herufi ndogo: pi. Kocha akainama, akasoma kwa sauti, Wi, akapumzika, lo, akapumzika tena, ndja. Njeri akasema, "Imemchukua miaka mitatu tu."

Kabla sijaondoka nilikaa kwenye ukingo wa lami, nikavua soksi zangu nilizokuja nazo, nikampa Elie azivae. Nikarudi nyumbani miguu mitupu ndani ya viatu, na mama akauliza hii familia itanunua soksi mpaka lini.

Na wewe mwenye miwani, nilikuona. Nilipokuwa navua ulitoa simu ukaanza kuandika. Nilimpa kwa sababu alikuwa na malengelenge. Hakuna maana nyingine. Futa.